Tarakimu Nilizozikata

Jumatatu, 5 Agosti

Imekubaliwa! Ukurasa wangu umeanza kutumika wodini leo. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine ili niiamini.

Shule zimefungwa, na wiki tatu zote nimekaa na laptopu ya kaka, ile ambayo herufi E haiandiki mpaka uibonyeze kwa hasira. Mama ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Kila asubuhi alikuwa akihangaika na daftari la uzito: kurasa zimechanika, miandiko ya watu wanne, saba inafanana na moja. Basi nikamtengenezea ukurasa. Muuguzi wa usiku anapima watoto alfajiri na kuingiza gramu, kazi yake imeisha. Mama akifika anafungua orodha, anaiona kwa kilo, anamsomea daktari wakizunguka vitandani. Majina hayamo. Namba za vitanda tu.

Matroni, mkuu wa wodi, alinishika bega mbele ya watu akasema kumbe wana mtaalamu na hawakujua. Nikaangalia viatu vyangu. Nilitaka kusema asante.

Kaka amecheka sana nyumbani. Anasema nashangaza: naweza kuongea na kompyuta siku nzima, lakini nikiagizwa chumvi dukani na muuzaji akanipa sabuni, narudi na sabuni. Ni kweli. Ilikuwa mwezi wa sita. Sabuni yenyewe bado ipo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda wodini kuangalia kama mtandao unashika vizuri. Mama alikuwa upande wa pili anabadilisha shuka. Matroni akaniita kwenye kompyuta, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akauliza hizi tarakimu tatu nyuma ya nukta ni za nini.

“Moja nukta nane mbili sifuri. Mbili nukta sifuri saba tano. Sisi tunapima watoto, binti, si dhahabu. Ipunguze ibaki moja.”

Nilitaka kusema mbili. Nilitaka hasa kusema kwamba kwa watoto wadogo hivi, moja ni chache. Nililifikiria, sitajidanganya humu. Sentensi nzima ilikuwa tayari kichwani, kwa lugha zote mbili, ya shule na ya nyumbani. Matroni ananisubiri. Muuguzi mmoja amesimama mlangoni na beseni.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kubadilisha ni sekunde kumi. Kuna amri moja tu inayopanga namba kabla haijatokea kwenye kioo cha kompyuta: number_format. Unaipa namba, unaiambia itoe tarakimu ngapi nyuma ya nukta. Nilikuwa nimeandika 3. Nikafuta, nikaandika 1. Namba yenyewe ndani haiguswi, gramu zote zimehifadhiwa kama zilivyo. Hii amri inaivalisha nguo tu kabla haijatoka mbele za watu.

Orodha imekuwa safi. Matroni amefurahi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mama amesema daktari anamaliza mzunguko nusu saa mapema siku hizi. Amenipa kipande kikubwa cha kuku. Kaka amenuna.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nimeongea na mtu nisiyemjua! Mimi!

Nilimpelekea Mama chakula. Kwenye benchi la nje ya wodi kuna mwanamke mshonaji, vidole vyake vimetobolewatobolewa na sindano. Mtoto wake yuko kitanda namba tatu, ana wiki mbili. Anaruhusiwa kuingia saa za kumnyonyesha tu, halafu anatoka kukaa pale na kuunganisha vipande vya kitambaa, kofia ndogo kama za mwanasesere. Akaniuliza kama mimi ndiye binti wa muuguzi, yule wa kompyuta. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaniomba nimwangalizie mwanawe amefika kilo ngapi, maana kila akiuliza ndani anaambiwa “anaendelea vizuri”, na hiyo si namba.

Nikaingia, nikachungulia kwenye kioo cha kompyuta, nikarudi. Kilo moja nukta tano.

“Jana?”

Moja nukta tano.

“Hajashuka lakini?”

“Hajashuka, mama,” nikasema. Kwa sauti. Yeye akavuta pumzi ndefu, akarudi kwenye kofia yake.

Mama anasema namba tatu amesimama tu, hapandi, lakini daktari amesema wengine huwa hivyo, apewe muda. Nimetembea kurudi nyumbani kama niliyeshinda mbio.

Alhamisi, 15 Agosti

Mama amerudi jioni na hakuvua viatu. Amekaa sebuleni na viatu, na mkoba mapajani, kama mgeni anayesubiri kuambiwa aondoke.

Namba tatu amezidiwa. Asubuhi Mama alisoma moja nukta nne. Daktari akasimama. Akauliza jana? Moja nukta tano. Juzi? Moja nukta tano. Daktari akasema mtoto wa kilo moja na nusu hawezi kupoteza gramu mia kwa siku moja, asome tena. Akasoma tena. Wakafunua blanketi. Mtoto amelegea, hata kulia halii, midomo imekauka. Imegundulika muda wote alikuwa anavuta maziwa kidogo mno. Alionekana ananyonya, kumbe anachoka na kulala na titi mdomoni. Sasa wamemwekea mpira puani na dripu kichwani.

Mama alieleza haya yote akiangalia ukuta. Kaka akauliza atapona? Mama akasema hajui.

Gramu mia kwa siku moja haiwezekani. Sijafungua laptopu. Naiogopa. Iko pale juu ya kiti na mimi niko hapa.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefungua. Nilisubiri Mama aende kazini, nikafungua hifadhi yenyewe, kule ambako gramu zinakaa kabla hazijavalishwa nguo. Kitanda namba tatu:

Jumamosi 1545
Jumapili 1525
Jumatatu 1505
Jumanne 1480
Jumatano 1460
Alhamisi 1435

Anashuka. Kila siku anashuka. Na amri yangu kila siku inachukua ile namba, inaikata kwenye tarakimu moja, inaikadiria kwenda kwenye iliyo karibu. 1.545 ikawa 1.5. 1.460 ikawa 1.5. Siku tano! Mtoto anayeyuka, na mimi namvalisha nguo ileile kila asubuhi.

Na Jumatatu nilimwambia mama yake hajashuka. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu ambao hauongei.

Kisha nimekagua vitanda vingine vyote, kimoja kimoja. Wengine wanapanda. Wote. Ni yeye tu.

Halafu nimefanya jambo. Nimefuta 1 nikarudisha 3, nikahifadhi. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Nilijiambia ni kwa sababu ya watoto wengine, yasiwapate haya. Ni kweli. Pia ni kweli kwamba nilitaka pasiwe na alama. Kana kwamba 1 haikuwahi kuwepo.

Jumamosi, 17 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu. Nimemmaliza Mama.

Jana alasiri katibu wa hospitali alikuja wodini na kuomba kuona uzito wa namba tatu. Matroni akafungua ukurasa. Na ukurasa ukaonyesha — kwa sababu mimi nimeshaurekebisha, na amri ile haibagui leo na juzi, inavalisha upya namba zote za tangu mwanzo — ukaonyesha 1.545, 1.525, 1.505, 1.480, 1.460. Ngazi. Hata mtoto wa darasa la pili angeona zinashuka. Katibu akamuuliza Mama: siku tano ulikuwa unasoma nini?

Mama akasema ilikuwa moja nukta tano. Hizi za nyuma hazikuwepo. Katibu akamwita fundi wa kompyuta za hospitali. Fundi akasema kompyuta haifichi namba halafu ikazirudisha, mama, kompyuta si mchawi. Watu wakacheka kidogo. Mama akamgeukia Matroni, akamwomba awaambie, maana na yeye huwa anaiona orodha. Matroni akasafisha miwani. Akasema hakumbuki vizuri zilikuwa ngapi, ana mambo mengi.

Muuguzi wa usiku hajui lolote. Yeye anaingiza tu, orodha haifungui. Kwa hiyo ni Mama peke yake dhidi ya kioo.

Amesimamishwa kazi hadi Jumatatu, kamati ikae.

Haya yote amemsimulia kaka jikoni, mimi nikiwa mlangoni na sufuria mkononi. Halafu akaniona. Akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniua: “Wewe hukugusa kitu, sivyo mwanangu?”

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Akasema hata yeye hakudhani. Akasema labda ni macho yake. Labda alikuwa anazikadiria mwenyewe kichwani kwa uchovu, bila kujua. Wiki ile alikuwa na zamu nyingi. Miaka kumi na tisa kazini, alisema. Akaenda kutafuta miwani ya zamani ya babu kwenye kabati, akaivaa, akawa anasoma maandishi ya paketi ya unga. Kuisogeza karibu, kuisogeza mbali.

Maji yamenifika shingoni na ni mimi niliyefungua bomba.

Jumapili, 18 Agosti

Nimemwambia.

Sikuweza kwa maneno. Alikuwa anaanua nguo uani. Nimebeba laptopu hadi kwenye kamba, nimeweka 1, nikamwonyesha. Nikaweka 3, nikamwonyesha. Tena 1. Tena 3. Zile namba zinajikunja na kujikunjua. Nguo aliyoianua inateleza begani mwake hadi chini na hana habari.

Kwanza uso wake ulifunguka. Naapa nimeuona ukifunguka: macho yake ni mazima! Hajapoteza akili! Akacheka hata, kicheko kifupi. Halafu akauliza nilibadilisha lini. Nikamwambia Ijumaa. Akauliza, na jana nilipokuuliza? Akageuka na kuendelea kuanua nguo, moja moja, akizikunja vizuri kuliko siku zote.

Nilingoja anipige. Hajanipiga tangu nikiwa na miaka saba, lakini nilingoja. Nilitamani.

Nikamweleza na habari ya Matroni, kuhusu dhahabu. Hilo nimelisema kwa mdomo, nikikwamakwama. Akasema alihisi hivyo tangu pale Matroni alipoanza kusafisha miwani. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Kesho usije,” akasema. “Na hili usimwambie mtu. Mimi ndiye niliyekuingiza wodini. Niliweka sahihi kwamba nasimamia.”

Nikasema lakini, Mama.

“Nyamaza. Una miaka kumi na sita. Yule mtoto akifa, watu watakunyooshea kidole mpaka uzeeke. Mimi nimeshazeeka, vidole vyao havinifikii.”

Ajabu iliyoje. Maisha yangu yote watu wananisukuma niseme. Mwalimu, kaka, Mama mwenyewe: paza sauti, binti, hatukusikii. Leo nimepata jambo la kusema na ninaambiwa ninyamaze, na sehemu moja ndani yangu — naiandika hapa kwa sababu hakuna wa kuisoma — sehemu moja ilifurahi. Ilifurahi kama mtu aliyeruhusiwa kutofanya mtihani. Najichukia kwa hiyo sehemu.

Habari za namba tatu: muuguzi mwenzake Mama amepiga simu. Sasa anapumua kwa msaada wa mashine. Leo alfajiri 1430.

Jumatatu, 19 Agosti

Saa mbili. Mama ameondoka na gauni lake la harusi za watu, lile la buluu. Hakuniaga, alinishika shingo tu.

Saa nne kasoro. Simu ya kaka imeita. Ni Matroni. Fundi ameshindwa kuunganisha ukurasa na ile mashine ya kurushia picha ukutani, na kamati inataka kuona namba zikiwa kubwa, siku kwa siku. Katibu amesema yule binti aliyeutengeneza aje na laptopu yake. Kaka akanitazama. Jana usiku nilimweleza na yeye, nusunusu. Hakufanya utani. Alisema tu vaa, nakupeleka.

Saa nne na nusu. Niko ndani. Naandika kwenye daftari chini ya ukingo wa meza, watadhani nanukuu mambo ya kazi. Chumba kina meza ndefu, viti kumi na viwili, waya zimefungwa kwa plasta ya kidonda. Katibu kichwani. Matroni pembeni yake, miwani imetulia kwenye kamba kifuani. Fundi. Mama upande wa pili, mikono juu ya meza kama anayekaguliwa kucha. Nilipoingia akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo sana, kushoto, kulia. Nimelielewa. Ni lugha ninayoizungumza kuliko wote humu.

Mshonaji yuko nje kwenye benchi. Nilipita mbele yake. Alinisalimia kwa furaha! Aliniambia Mungu ambariki mama yako, jana usiku nilimwombea, najua hawezi kufanya makusudi. Hajui. Akaniuliza mbona nimekonda. Nilimshika mkono, mkono wenye sindano, nikauachia, nikaingia.

Daktari wa watoto alikuwa amekaa karibu na dirisha. Dakika tano zilizopita muuguzi alikuja mbio, akamnong’oneza, wakatoka wote wawili. Hakuna aliyesema ni kitanda gani. Mama alitaka kusimama kwa mazoea, akakumbuka amesimamishwa, akakaa. Katibu amesema tutamsubiri daktari, huku binti akiandaa picha.

Kwa hiyo naandaa. Nimechomeka waya. Ukuta mzima ni mweupe, unasubiri. Kwenye kioo changu kuna faili lenyewe, mstari wa arobaini na mbili. number_format, gramu gawanya kwa elfu, halafu mkato, halafu 3.

Nikiacha hivi, ukutani itatokea ile ngazi, na watamuuliza Mama tena siku tano alikuwa anasoma nini, na atasema alichoka. Amejiandaa kusema hivyo. Nimeona karatasi yake, ina mistari miwili tu. Nikiweka 1, itatokea 1.5, 1.5, 1.5, 1.5, 1.5. Siku tano zilezile, mbele ya watu wote. Fundi ataelewa kabla ya wengine. Atauliza nani alibadilisha, na lini, na kwa nini Ijumaa ilirudi. Hapo hakutakuwa na pa kutikisia kichwa.

Nimefuta 3.

Mama ameona mkono wangu ulivyosogea. Anajua ni kitufe gani, jana nilimwonyesha mara nne. Amesema jina langu taratibu, kama anavyoniamsha. Katibu amemwambia mama, tafadhali, mwache afanye kazi.

Nimeandika 1. Sijahifadhi. Naandika hapa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye kibodi, vidole viwili viko juu ya vitufe vya kuhifadhi.

Mlango umefunguka. Daktari amerudi. Hajakaa. Ana moja ya zile kofia ndogo za mshonaji mkononi, hajui pa kuiweka. Anamtazama Mama, kisha katibu, anasubiri aruhusiwe kusema.

Katibu amemwambia subiri kidogo, kisha amenigeukia. Binti, iko tayari?

Nimebonyeza. Nimesema ndiyo. Wamesikia wote, hata Matroni, maana mkono wake umekwenda kwenye miwani —